Kitambaa cha Sitini na Moja

Waendesha baiskeli wa mji ule wa kale walimwita Mkia, na mwenyewe hakununa. Jina alilipata kihalali. Kila walipotoka kwenye lango la kaskazini, watu thelathini au arobaini na baiskeli zao za changarawe, zile zenye matairi mapana na usukani uliopinda kama pembe za kondoo, yeye alitoka wa mwisho. Kazi zake zilikuwa mbili tu: asiache mtu nyuma, na asiache kitambaa.

Vitambaa ndivyo vilivyoonyesha njia. Barabara za mashambani kule hazina vibao. Zinapita nyuma ya mabanda ya ng'ombe, zinakatiza mashamba ya watu, zinagawanyika mara tatu bila kumwambia mtu zinakokwenda. Basi kila Ijumaa kijana mmoja wa duka la baiskeli, aliyeitwa Ramani kwa sababu alikuwa na ramani nyingi kuliko nguo, alipita njia nzima akifunga vitambaa vyekundu kwenye matawi na nguzo. Jumamosi waendeshaji walivifuata, na Mkia akawafuata wao, akivifungua kimoja kimoja na kuvitia kwenye begi. Wenye mashamba walikubali kupitiwa kwa sharti hilo moja: kesho yake pasionekane hata uzi, maana ng'ombe hachagui anachokila.

Kwa miaka kumi na moja haukuonekana hata uzi. Mkia alijisifu kwa hilo mara nyingi mno, mpaka majirani wakawa wanamwahi na kulisema kabla yake.

Jumamosi hiyo, saa saba na dakika kumi na nane mchana, alikuwa ameketi kwenye ngazi za kinu cha zamani cha maji, kilomita ishirini na tisa kutoka mjini, akihesabu. Kinu kilikuwa kituo cha mapumziko, nusu ya safari. Nesi wa zahanati, aliyekuja na gari lake kugawa maji na ndizi, alikuwa akikusanya vikombe. Waendeshaji walikwisha kunywa, wakacheka, wakaondoka. Vitambaa vya nusu ya kwanza huwa sitini. Mkia alivihesabu kwa makumi, kila kumi akilifunga fundo moja, kama alivyokuwa akifunga barua zamani. Yakatimia mafungu sita. Na mkononi kikabaki kimoja.

Akavifungua, akahesabu tena. Mafungu sita, na kimoja.

"Kimezidi," alisema.

Nesi akacheka. "Si afadhali kizidi kuliko kipungue, mama? Ramani kafunga cha ziada, basi."

Mkia alikuwa anakipapasa kile kitambaa kwa kidole gumba. Vitambaa vya njia hukatwa kwa mkasi tu, pembeni vinaning'inia nyuzi. Hiki kilikuwa na pindo la cherehani. Tena katikati kilikuwa kimeungwa kipande cha vidole vinne, kwa uzi mweupe, kwa sababu mkono wa aliyekivaa ulikuwa mnene kuliko mikono ya watu. Uzi ule mweupe aliutia mwenyewe usiku wa Alhamisi, mwenye mkono akiwa amesimama mbele yake na kumcheka.

Akasimama ngazini.

Hiki hakikuwa kitambaa cha njia. Kilikuwa cha mkono. Kila mwendeshaji alipewa kimoja, na sheria yake ilikuwa nyepesi: ukitaka kuingia kichakani kwa haja zako, kifunge kando ya njia usawa wa kifua, ili Mkia akikiona asimame na kungoja mpaka utoke. Miaka yote vya njia vilikuwa vyekundu na vya mkono vya njano. Mwaka huu duka la vitambaa liliishiwa na njano, na Mkia, ambaye ndiye aliyeshona vyote, akasema kitambaa ni kitambaa, akakata vya mkono kwenye jora lile lile jekundu.

"Havitachanganyika?" Ramani alimuuliza.

"Mimi? Mimi nichanganye?" alisema, na Ramani akanywea.

Sasa alikumbuka vizuri. Kwenye vile vichaka virefu baada ya zizi la mbuzi, saa sita na nusu hivi, aliona wekundu tawini, akatua mguu mmoja, akafungua fundo, akatia begini, huyo akaenda zake. Hakutazama hata mara mbili. Mkono ulikuwa umezoea kuliko macho.

"Nesi, mwanangu. Waliopita hapa ni wangapi?"

"Thelathini na nane. Wote. Nimepiga mstari kila aliyepita."

"Na Ramani ulimhesabu?"

"Si na yeye alipita?" Nesi alisema, kisha akaweka kikombe chini. Ramani hakuwamo kwenye ile orodha ya watu thelathini na nane. Ramani alikuwa kiongozi. "Mama... nani hayupo?"

"Mume wangu," alisema Mkia.

Nyumbani hakuna aliyemwita Mkia. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, na mumewe Baba Pacha, kwa ajili ya wasichana wawili waliozaliwa siku moja, wakaolewa mwaka mmoja, na kuwaachia wazazi wao vyumba viwili vyenye kimya juu ya upinde wa mtaa wa wafua vyuma. Ngazi za kupandia zilikuwa nyembamba hata baiskeli ilibidi itundikwe ukutani, nje ya mlango wa jiko. Yeye alikuwa amefanya kazi posta miaka ishirini na sita, akipeleka barua mashambani kwa baiskeli ya chuma, mvua na jua. Mume alikuwa fundi wa kiwanda cha mbao, akipasua magogo kwa msumeno mkubwa miaka thelathini na mmoja bila kuziba masikio. Barua zilipokwisha duniani mke alistaafishwa. Msumeno uliponyamaza mume aligundua kwamba kila kitu kingine kimenyamaza pia.

Hakuwa kiziwi kabisa. Ukimkaribia na kumpigia kelele upande wa kushoto, alisikia. Jirani alisikia pia, na jirani wa jirani. Kwa hiyo jioni zao zilibadilika. Zamani Mama Pacha alirudi Jumamosi akisimulia mpaka sufuria iungue: nani kaanguka, nani kafukuzwa na bata mzinga, ile nyumba ya mlimani imepata paa jipya. Sasa mume alimtazama midomo, akatikisa kichwa, akacheka mahali pasipochekesha. Hadi wiki tatu zilizopita aliposema, "Kwa kuwa sisikii unayonisimulia, acha nikaone mwenyewe."

Mke alifurahi kama msichana. Alimpa baiskeli yake ya zamani, akambadilishia matairi, akamshonea kitambaa cha mkono chenye nyongeza. Na fomu ya kujiandikisha ilipouliza kama mshiriki anasikia vizuri, maana huko njiani kuna matrekta na mambo mengine, Mama Pacha alishika kalamu akaweka alama kwenye ndiyo. Kwa mkono wake. Aliogopa wangemkatalia.

Asubuhi, langoni, mume alikataa kusindikizwa. "Usinilinde kama kifaranga," alisema kwa ile sauti ya watu wasiosikia sauti zao wenyewe, na wote wakageuka. "Mimi natangulia. Wewe fanya kazi yako." Simu yake akaitumbukiza kwenye begi la mkewe, asije akaiangusha. Na alipofika kinuni na kumkosa, Mama Pacha alidhani amekwisha pita na wengine, akaona uchungu kidogo kwamba hakumngoja. Sasa uchungu ule aliutamani.

Maana kati ya vile vichaka na kinu kulikuwa na njia panda. Kushoto ni kijia chembamba cha mawe matupu, kisichoshika alama ya tairi, kinachoteremka kuja kinuni. Kulia ni barabara pana, imeshindiliwa vizuri, inapanda mlima taratibu. Mtu asiyeona alama yoyote angekwenda kulia. Na barabara hiyo ilikwenda kutokea mgongoni mwa machimbo ya mawe, ambako kila Jumamosi saa nane kamili mchana hulipuliwa baruti.

Msimamizi wa machimbo hakuwa mtu mbaya. Alikubaliana na Ramani kwamba waendeshaji wawe wamepita njia panda kabla ya saa saba, na kwamba mtu mmoja wa kuaminika ampigie simu kuthibitisha, kwa sababu upande huo wa nyuma hakuwa na mlinzi, alikuwa na bendera tu. Baada ya simu hiyo machimbo yote huzima simu. Baruti zao hazipatani na simu, huweza kulipuka kabla ya wakati. Mtu wa kuaminika alikuwa Mkia. Saa saba kamili, juu ya kilima baada ya njia panda, alisimama, akapiga, akasema maneno yale yale ya miaka yote: "Mkia umepita. Njia nyeupe."

"Ahsante, mama," msimamizi alisema, na akazima.

"Piga tena!" Nesi alisema baada ya kuelezwa, macho yamemtoka.

"Imezimwa."

"Basi mpigie mzee!"

Mama Pacha alitaka kusema hasikii, lakini kidole cha Nesi kilikuwa kimekwisha bonyeza. Simu ikalia. Ililia ndani ya begi la Mama Pacha, katikati ya mafungu sita ya vitambaa, mlio mkubwa kuliko simu zote za dunia, kwa kuwa mwenyewe alitaka uwe hivyo.

Saa saba na dakika ishirini na mbili.

"Chukua gari," Mama Pacha alisema, "zunguka barabara kuu mpaka geti la machimbo. Waambie wasilipue. Waambie nimesema uongo, waambie lolote."

"Ni mbali sana, mama. Dakika arobaini."

"Basi usiniambie mimi, liambie gari!"

Nesi akarukia usukani. Mama Pacha alikwisha panda baiskeli, uso kaelekeza alikotoka, kile kitambaa kimoja kakisokota kidoleni.

Kutoka kinuni hadi njia panda ni kilomita sita, na aliyekuja akiteremka anarudi akipanda, hakuna namna. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Magoti yake yalikuwa na maoni yao juu ya milima, lakini siku hiyo hayakuulizwa. Alishusha gia, akainama, akakanyaga. Kilomita ya kwanza alikanyaga kwa hofu, na hofu ni mafuta mazuri ila yanakwisha haraka. Ya pili alikanyaga kwa hasira. Alimkasirikia mumewe kwa aibu zake za kujificha na baiskeli hadi ndani ya kichaka. Alimkasirikia muuza vitambaa. Kisha hasira ikakosa pa kwenda, ikamrudia mwenyewe. Mimi, nichanganye? Maneno yale yalimfuata nyuma kila gurudumu lilipozunguka.

Kwenye daraja la mawe ilimbidi achague. Kijia kinazunguka bonde zima. Lakini ipo njia ya miguu inayokatiza shamba la mizeituni, aliyoitumia miaka ishirini na sita kumpelekea mjane mmoja barua za mwanawe. Mjane alikwisha fariki, barua nazo, ila njia ilikuwepo. Ingemwokolea kilomita nzima. Lakini vipi kama mumewe, kwa bahati, alikata kushoto na sasa hivi anateremka kwa kijia? Wangepishana, yeye huku, mume kule, na mke angekwenda kumtafuta mtu asiyekuwapo mpaka mawe yamwangukie yeye.

Alimjua mtu wake. Mtu wake hupenda barabara pana. Akapiga moyo konde, akakata shambani.

Geti la mjane lilikuwa limefungwa kwa waya. Aliinua baiskeli kwa mikono miwili, akaitupa upande wa pili, akajitupa na yeye. Suruali ikachanika pajani. Alipotokea juu, kifua kikimwaka, saa ilikuwa saba na dakika arobaini na tatu. Akashuka penye njia panda na kutazama vumbi.

Matairi ya mumewe aliyachagua mwenyewe: la mbele lina vijino vidogo vidogo, la nyuma halina vijino katikati, limelika. Alama hizo zilikuwa zimekuja mpaka penye jiwe la mpaka. Hapo zilizunguka zunguka. Alisimama, masikini. Alitafuta kitambaa. Alama ya kiatu, ya pili, alama ya mtu anayetazama huku na huku. Kisha zikanyooka kulia.

Mama Pacha aliinua macho kufuata alama zilikokwenda, na hapo ndipo akaelewa kwa nini. Huko mbele, mbali, barabara inapokata kona juu ya mlima, kitu chekundu kilikuwa kikipepea. Ilikuwa bendera ya hatari ya machimbo. Huwa inapandishwa saa saba, baada ya simu yake. Katika miaka kumi na moja hakuna mwendeshaji aliyewahi kuiona. Lakini mtu aliyeambiwa na mkewe Alhamisi nzima, wewe fuata vyekundu tu, huwezi kupotea, angeiona kuwa ni nini? Alifuata chekundu.

King'ora cha kwanza kikalia. Kiligonga mlima, kikarudi, ndege wakaruka. Dakika kumi na tano.

Hakuita. Angemwita nani? Alikanyaga pedali akitazama alama zile mbili zikikimbia mbele yake kwenye vumbi, na kila kona alitegemea kuona shati la kijani, na kila kona palikuwa na kona nyingine. Barabara ilijizungusha kwenye mlima kama mtu anayejifunga mkanda. Kijasho chembamba kilimtoka, kisha kinene. Penye mwinuko mkali alama za viatu zilionekana kando ya tairi: hapa alishuka, alisukuma. Moyo wake ukapanda. Anayesukuma haendi mbali.

Lakini dakika nazo hazikusukumwa, zilipanda zenyewe. Saa nane kasoro kumi. Mbele ilikuwa kona kubwa kuliko zote, ile inayozunguka jabali lote na kutokea upande wa pili. Kwa baiskeli, dakika nane. Juu ya jabali kulikuwa na njia ya mbuzi. Alikumbuka aliipanda mara moja tu katika maisha yake ya posta, ana umri wa miaka thelathini na telegramu ya msiba mkononi, na akaapa hatairudia.

Aliiacha baiskeli katikati ya barabara, gurudumu likizunguka, akavaa begi mgongoni, akapanda kwa mikono na miguu. Mawe yalimtoka chini ya viatu. Mara mbili aliteleza hadi tumbo likasuguka. Alikuwa akiongea, na hakujua anaongea: "Ngoja. Ngoja hapo hapo. Baba Pacha, ngoja." Aliyekuwa akiambiwa ndiye mtu mmoja katika bonde lile asiyeweza kusikia.

Alifika juu king'ora cha pili kikianza. Dakika tano.

Akamwona. Alikuwa chini yake, barabarani, hatua ishirini kabla ya kupita usawa wake, amepanda baiskeli, anaendesha polepole na mgongo wake mpana umenyooka, akitazama mandhari. King'ora kilipasua anga, na yeye hana hili wala lile. Hata bega halikutikisika. Mbele yake, umbali wa kutupa jiwe, bendera ilipepea, na nyuma ya bendera barabara iliingia moja kwa moja kwenye shimo la machimbo.

Kati yao palikuwa na ukingo uliokatwa karibu wima, urefu wa nyumba ya ghorofa. Kuuzunguka kungemchukua dakika mbili, na mume angekuwa amepita. Mama Pacha alipiga kelele hata hivyo. Mtu hawezi kujizuia. Alipiga kelele mpaka koo likawasha, na mume akapita chini yake, akiendelea kuangalia mandhari.

Alitazama mawe miguuni pake. Kubwa litamuua, dogo hataliona. Ndipo mkono ukaingia begini.

Fungu la kwanza lilianguka nyuma ya gurudumu. Hakuliona. La pili lilinasa kwenye mti. La tatu lilikwenda na upepo, likafunguka, likatawanyika vitambaa kumi kwenye majani ng'ambo ya barabara. Yeye ambaye hajaacha uzi miaka kumi na moja alivitazama vikiruka na hakujali hata kidogo. La nne alilirusha kwa nguvu zake zote, kwa kilio, kwa mkono uliorusha magazeti juu ya kuta za watu robo karne nzima. Likaruka juu ya kichwa cha mumewe, likatua mbele ya tairi.

Mume akashika breki.

Alishuka. Akaegesha baiskeli kwa uangalifu, akahakikisha haianguki, kana kwamba ana mwaka mzima. Akainama, akaliokota fungu, akalitambua fundo. Na Mama Pacha, aliyekwisha anza kuteremka ukingo kwa makalio, mikono ikishika mizizi, alimwona kwa macho yake mwanamume yule akianza kulihesabu. Moja, mbili, tatu. Alijua mkewe ataulizia. Alipofika saba kokoto zilimwangukia kutoka juu, akainua uso, na mke wake akamwangukia.

Hakukuwa na mazungumzo. Alimkamata shati, akamvuta. Mume alifungua kinywa aulize, akamtazama uso, akaacha kuuliza. Hatua kumi nyuma palikuwa na kalavati la kupitisha maji ya mvua chini ya barabara, zege nzito, kavu wakati huo. Alimsukumia ndani kichwa mbele, kama gunia, akaingia nyuma yake, akamlalia mgongoni. King'ora cha tatu kikalia kirefu, kisha kikanyamaza, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko king'ora.

Baruti ilipopiga, ardhi iliruka. Vumbi la kalavati likawamwagikia. Halafu mawe yakaanza kushuka juu ya barabara, moja, moja, kisha mengi, na moja lililo kubwa kuliko yote lilipiga chuma. Baadaye walikuta ni baiskeli, imekunjwa pale pale ilipokuwa imeegeshwa vizuri. Mama Pacha alihisi mwili wa mumewe ukitetemeka chini yake. Hakusikia mlipuko kwa masikio. Aliusikia kwa kifua.

Walikaa humo muda. Walipojitoa, wamekuwa weupe wote kwa vumbi, mume alikaa kando ya kalavati, akaitazama baiskeli, akaitazama bendera, na polepole akaelewa. Akamshika mkewe kiganja.

"Nilikuwa na haja," alisema kwa sauti yake kubwa. "Nikaingia na baiskeli, watu wasinione. Huko cheni ikatoka, ikanisumbua mpaka nikachoka. Nilipotoka, kitambaa changu hakipo pale nilipokifunga. Unajua nilifikiri nini?"

Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Nilifikiri, basi mke wangu amepita, amekichukua. Anajua niko nyuma." Akatabasamu, meno peke yake yakionekana kwenye vumbi lile. "Sikuogopa hata kidogo. Nilijua unajua."

Kulikuwa na watu wanakuja wanakimbia kutoka upande wa shimo: msimamizi na kofia yake ya plastiki mkononi, wafanyakazi watano sita, na Nesi mbele yao wote, analia, amefika getini dakika moja baada ya saa nane. Mama Pacha aliwaona. Angeweza kunyamaza. Mume alikuwa amekwisha jitengenezea maelezo, na maelezo yale yalikuwa mazuri. Angeishi nayo kwa raha hadi kufa kwake.

"Sikujua," alisema.

"Ee?"

"Sikujua!"

"Sema kwa huku." Akamgeuzia sikio la kushoto.

Watu walikuwa wamefika, wamesimama duara, wanahema. Mama Pacha alivuta pumzi, akaweka mikono kinywani, na kwa sauti iliyogonga jabali na kurudi akamwambia mumewe: "Sikujua kama uko nyuma! Nilidhani ni kitambaa cha njia! Nilikuacha! Nikapiga simu nikasema njia nyeupe! Na kwenye fomu niliandika unasikia, niliwadanganya, unanisikia? Niliwadanganya wote!"

Jabali likarudia: wote. Msimamizi alitazama viatu vyake. Nesi aliacha kulia.

Baba Pacha alimsikiliza mpaka mwisho, neno kwa neno, bila kumtazama midomo. Kisha akachukua kile kitambaa cha sitini na moja, kilichokuwa bado kimesokotwa kwenye kidole cha mkewe, akakinyoosha juu ya goti, akampa mkono wake mnene ili amfunge.

"Punguza sauti, Mama Pacha," alisema. "Watu wanasikia."